Nani Anasema Hapa?

Madam wa Baiolojia hakuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba amepatia. Ukisimama kujibu swali na jibu likawa sahihi, alisema neno moja tu: "Kaa." Ukikosea hakusema kitu. Alikuacha wima hivyo hivyo, akamgeukia mwingine, nawe ukaendelea kusimama mpaka upate cha kurekebisha. Kuna siku karibu nusu ya darasa ilikuwa imesimama, naye anaendelea kufundisha, anapita katikati yetu kama mtu anayekagua mahindi yake.

Mimi nilisimama sana. Si kwamba sikujua. Nilijua, ila nilikuwa nikijibu huku najirekebisha, narudi nyuma, naongeza "ingawa" na "isipokuwa", mpaka jibu linapotelea humo humo. Madam alinisikiliza amekunja mikono, kisha akasema, "Wewe Mwanjelwa, hilo jibu umelivalisha makoti mangapi? Mbona hatulioni?"

Darasa lilikuwa likicheka mpaka linagonga madawati. Aliniita Mwanjelwa kwa sababu mama yangu ana kibanda cha makoti ya mitumba pale soko la Mwanjelwa, na Madam mwenyewe alikuwa mteja wake. Jiji la Mbeya lilikuwa na baridi, lakini yeye alitoka Iringa na hakukubali kabisa kwamba baridi yetu ni baridi. Alinunua makoti akisema ni kwa ajili ya heshima.

Ni mwaka wa ngapi sasa tangu anistaafie, sitaki hata kuhesabu. Nasema "anistaafie" kana kwamba alinistaafia mimi peke yangu, na kwa kweli ndivyo nilivyoona. Alirudi kwao Kihesa, Iringa, nami nikabaki na tabia ya kusimama. Mpaka leo nikimaliza kazi yoyote nahisi niko wima katikati ya darasa, nasubiri mtu aniambie nikae. Naandika habari zake kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya jambo moja lililotokea majuzi ambalo siwezi kulieleza bila kumweleza yeye kwanza.

Alikuwa na pande mbili zisizopatana. Nje ya darasa alikuwa polisi wa Kiingereza. Pale shuleni palikuwa na kibao cha kutukumbusha lugha ya shule, na yeye ndiye aliyekisimamia. Ukikutwa unaongea Kiswahili karibu na ofisi ya walimu, ulifagia. Ukikutwa unaongea Kinyakyusa, ulifagia na kumwagilia. Lakini mlango wa maabara ukishafungwa, alichungulia dirishani kulia na kushoto, akashusha sauti, akasema, "Haya. Sasa tuelewane." Na hapo Kiswahili kilianza, chenye lafudhi ya Kihehe ambayo wakorofi wetu waliiga wakati wa mapumziko, na yeye akijua kwamba wanaiga.

Ni katika maabara ile, iliyokuwa na darubini moja nzima na nyingine ya kuonyesha tu, ndipo nilipopata somo ambalo limeniharibia maisha, kwa maana nzuri. Siku hiyo alituambia kwamba seli ya jicho na seli ya ini zina jeni zile zile, yaani maagizo yale yale ya urithi, yote kamili. Mwenzetu Ambakisye, ambaye kwa kawaida alisinzia, akanyoosha mkono.

"Sasa Madam, kama maagizo ni yale yale, mbona jicho halitoi nyongo?"

Madam alimtazama kama mtu aliyeletewa zawadi. "Kaa," akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo kwa swali. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanjelwa, simama. Mama yako pale kibandani anaongea lugha gani?"

"Inategemea, Madam."

"Inategemea nini?"

"Nani kaja."

"Akija Mnyakyusa?"

"Kinyakyusa."

"Msafwa?"

"Kisafwa kidogo. Cha kupatana bei."

"Mzungu?"

"Anacheka tu, Madam."

"Na wewe ukimuudhi?"

"Kinyakyusa. Tena kile cha Tukuyu kabisa."

Walicheka sana. Madam hakucheka. Alisogea karibu. "Kwa hiyo akikugombeza kwa Kinyakyusa, Kiswahili chake kinakuwa kimeenda wapi?"

Nilifungua mdomo nikiwa sina nafasi ya kulivalisha jibu koti hata moja. "Hakijaenda, Madam. Kipo. Kimenyamaza tu."

"Kaa."

Nilikaa. Akaandika ubaoni kwa ule mwandiko wake ulionyooka kama umepigwa rula: *Nani anasema hapa? Nani kanyamaza?* Akatuambia kwamba hilo ndilo swali la kuiuliza seli. Usiiulize ina jeni gani, kwa sababu zote inazo. Iulize zipi zinasema. Ukijua zinazosema, utajua uko kwenye jicho, kwenye ini au kwenye kongosho, hata kama umefumba macho.

Neno lililomsumbua zaidi lilikuwa lile la seli shina kugeuka kuwa seli ya aina fulani. Seli shina ni ile ambayo bado haijawa kitu, inaweza kuwa chochote. Vitabu vilikuwa na neno la Kiingereza refu, lakini yeye alitaka la kwetu. Alijaribu "kubaguka", tukacheka kwa sababu ilionekana seli zinabaguana. Akajaribu "kupambanuka", akasema linachosha ulimi. Mwishowe akasema, "Mnasemaje kijana akiacha kuzurura, akapata kazi, akaoa?"

"Ametulia, Madam."

"Basi. Seli imetulia."

Kwenye jaribio la mwisho wa muhula Ambakisye aliandika, kwa Kiingereza chake, kwamba seli shina ni kijana ambaye hajatulia, na akishatulia anapata kazi na hawezi tena kurudi kwao kirahisi. Madam alimpa sifuri. Halafu akalisoma jibu lile mbele ya darasa lote kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, akalirudia mara mbili, akafuta machozi.

"Sasa Madam, mbona sifuri?" Ambakisye akauliza.

"Mimi nimekuelewa. Mtihani haujakuelewa. Utaandika kama mtihani unavyotaka mpaka umalize, baada ya hapo utaandika unavyotaka wewe."

Ambakisye yuko Makongolosi siku hizi, anauza vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Akinipigia simu huanza hivyo hivyo: "Mwanjelwa, nimetulia. Wewe je?"

Mimi sijatulia. Baada ya kidato cha sita sikupata kozi niliyotaka, na ile niliyopata sikwenda. Nilibaki nikichapa na kutoa kopi kwenye duka la vifaa vya ofisi, hatua chache kutoka kwenye makoti ya mama. Kompyuta ya dukani ilikuwa na intaneti, na wateja hawakuwa wengi mchana. Nilijifunza mwenyewe kuandika programu, nikakosea, nikafuta, nikajifunza upya, kisha nikagundua kwamba watafiti duniani huweka wazi takwimu zao za jeni ili yeyote mwenye subira azisome. Subira ninayo. Wengine wanaiita ugonjwa. Naweza kukagua safu moja ya namba siku nzima kwa sababu nukta moja imekaa vibaya.

Nilichagua kongosho. Hilo nalo lilikuwa la Madam.

Alikuwa na kisukari, naye hakukificha wala kukitangaza. Katikati ya kipindi alikuwa akisimama, anatoa nusu ya ndizi kwenye mfuko wa koti, anakula akiwa ametupa mgongo, kisha anaendelea pale pale alipoachia sentensi. Siku moja alichelewa kuila, akakaa ghafla juu ya meza na jasho likamtoka. Tulipotaka kukimbia kuita watu alituzuia kwa kidole. Alipopata nafuu alisema, "Mmeona? Kuna seli kwenye kongosho langu zilizotakiwa kuniongelea. Zimenyamaza. Sasa naongea mwenyewe kwa sindano, na sindano haijui kusikiliza."

Chai alikunywa bila sukari kabisa. Lakini ukienda kwake kama mgeni, hakukuuliza. Alijaza vijiko kwenye kikombe chako huku anasema, "Mgeni hapewi ugonjwa wangu." Vivyo hivyo na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele na hakunywa tone, lakini alipotufundisha hamira alieleza ulanzi wa kwao unavyobadilika kutoka asubuhi hadi kesho yake kwa ustadi uliotutia mashaka. Tulipoguna alisema, "Nilibatizwa mimi. Pua haikubatizwa."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kupitia kazi zangu zile za mtandaoni nilifahamiana na daktari mmoja wa maabara huko Dar es Salaam. Yeye na wenzake wanachukua seli shina walizozitengeneza kutokana na damu ya mgonjwa wa kisukari, wanazilea kwenye visahani, na kila hatua wanaziwekea dawa tofauti ili zitulie kuwa seli za kongosho zinazotoa insulini. Hazikuwa zinatulia vizuri. Mwishoni walipata chache zinazofaa, nyingine nyingi hazieleweki. Akaniuliza kama naweza kuangalia namba zao, maana katika kila hatua walikuwa wamepima ni jeni zipi zinafanya kazi.

Watu wale walikuwa wametafuta jeni za kongosho na kuzikuta, wakaridhika. Mimi sikujua cha kutafuta, kwa hiyo niliuliza swali pekee ninalolijua. Nani anasema hapa? Nikakuta ini. Kwa mtoto anayeumbwa tumboni, ini na kongosho huchipuka majirani kabisa, na kwenye visahani vile, kabla ya ile hatua ambayo daktari huweka dawa ya kufunga njia ya ini, jeni za ini zilikuwa zimeshaanza kunong'ona. Dawa ilikuwa inakuja wakati mazungumzo yameshanoga. Jibu langu lilikuwa fupi: iwekwe hatua moja mapema.

Sikulituma.

Nilirudia hesabu. Nikafikiri labda visahani vilibadilishwa majina. Nikafikiri labda programu yangu ina kosa nisiloliona. Niliandika ujumbe kwa daktari, ukawa mrefu, nikauongezea "ingawa" za kutosha kuwavalisha makoti watu wote wa Kitulo kule kwenye baridi kali. Daktari akanipigia.

"Binti, kuna kitu umeona au hujaona?"

"Nimeona, Daktari, ila nakagua."

"Jumatatu tunayeyusha kichupa cha mwisho cha seli tulizogandisha. Yule mgonjwa ameshafariki, hatuna pa kupata damu nyingine. Nikipata neno lako kabla, nalitumia. Nisipolipata, nafanya kama zamani."

Ndivyo ilivyokuwa. Nikituma na nimekosea, nimeua vilivyobaki vya mtu. Nikinyamaza na nilikuwa sahihi, nimeviua vile vile, kwa adabu. Mama aliniona nimekaa juu ya marobota ya makoti, sili, akaniambia kwa Kinyakyusa cha Tukuyu nitoke mbele yake niende kwa huyo mwalimu wangu, maana ni wazi kuna kitu nasubiri ambacho yeye hawezi kunipa.

Nilipanda basi la asubuhi. Kuanzia Makambako kwenda Mafinga, misonobari ikiwa imepangwa pande zote, nilirudia kichwani nitakavyomweleza Madam. Nilijua hasomi takwimu za namna ile. Nakiri kwamba sikuwa nafuata ushauri. Nilitaka nisimame mbele yake aniambie nikae.

Kihesa nilipokelewa na mdogo wake, Mama Tumaini, ambaye huishi naye. Alinishika mkono kabla sijaingia sebuleni.

"Ulipata habari?"

"Habari gani, Mama?"

Sikuwa nimepata. Madam alipata kiharusi mwanzoni mwa masika. Mkono wa kulia hauinuki. "Na Kiswahili kimepotea, mwanangu. Kiingereza ndiyo usiseme. Miaka yote ile ya chaki, kimeondoka asubuhi moja. Amebaki na Kihehe cha marehemu mama yetu. Ukiongea anasikia, lakini kutoa ndiyo shida. Hospitali wanasema kinaweza kurudi, kinaweza kisirudi."

Nilitaka kumwambia hakijapotea, kimenyamaza tu. Sikuthubutu. Hilo ni jibu la mtoto wa shule, na sikujua kama ni kweli.

Madam alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, koti jeusi la mama yangu mabegani. Nililitambua kwa vifungo. Alikuwa amepungua, lakini alinitazama vile vile, kama mtu anayesubiri umalize sentensi.

"Shikamoo, Madam," nikasema, halafu, kwa kuwa ndiyo salamu pekee ya Kihehe ninayoijua, "Kamwene."

Akajibu kwa maneno mengi yaliyotiririka laini, na katikati yake nikasikia moja ninalolijua: Mwanjelwa. Nikaanza kulia.

"Anauliza mama yako hajambo," Mama Tumaini akatafsiri, "na kama bado anawauzia watu makoti ya wafu."

Nikacheka huku nalia. Mama Tumaini akaenda jikoni kuweka chai, na mimi, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine, nikafungua kompyuta nikiwa nimesimama, nikaishika mbele yake kama sinia. Picha ilikuwa ile moja: mistari ni jeni, nguzo ni hatua, nyekundu inasema, bluu imenyamaza. Nikamwambia hizi ni seli shina, wanataka zitulie ziwe kongosho. Aliposikia kongosho akaniangalia mimi kwanza, kisha picha.

Alitazama muda mrefu. Mkono wa kushoto ukainuka taratibu, kidole kikatua kwenye kipande kidogo chekundu ambacho kilitakiwa kuwa cha bluu. Akasema kitu kwa Kihehe.

"Mama Tumaini!" nikaita. "Amesemaje?"

Sauti ikatoka jikoni, "Anauliza, hapo nani anaongea?"

Nikaanza kujibu. Nilisema inaelekea ni ini, ingawa vipimo vya hatua ile ni vichache, na isipokuwa kama visahani vilichanganywa, na kwamba programu niliyotumia wapo wanaoipinga, na kwamba mimi sikusoma chuo. Nikaendelea. Madam akaondoa kidole kwenye picha, akanyoosha mkono, akashika ukosi wa koti langu na kuuvuta mara mbili.

Nikaikata sentensi. Nikalivua lile koti kabisa, kana kwamba ndilo alilokuwa akitaka, na labda ndilo.

"Ni ini, Madam," nikasema. "Limeanza kusema mapema. Tulinyamazishe kabla."

Alikuwa na namna ya kusubiri kidogo kabla ya kutoa hukumu. Midomo yake ilihangaika, upande mmoja ukimwacha mwenzake nyuma. Ikatoka sauti bila neno. Akafumba macho, akajaribu tena.

"Kaa."

Mama Tumaini alikuwa mlangoni na birika. "Umesikia?" akasema. "Umesikia? Hicho ni Kiswahili!" Akaweka birika chini, akaja akamshika dada yake mashavu. Kisha akanigeukia akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Si umesimama tangu umefika, mwanangu. Anakukaribisha kiti."

Inawezekana ni hivyo tu. Nimelifikiri sana na sitalijua. Mtu amemwona mgeni amesimama, amemwambia akae.

Nilikaa. Nikiwa na kompyuta mapajani nilifungua ule ujumbe wa daktari, nikafuta aya zote, nikaandika sentensi moja: iweke dawa ya ini hatua moja mapema. Sikuisoma mara ya pili. Nikaituma.

Nilipoinua uso, Madam alikuwa ameshaendelea na mengine. Alikuwa anamkaripia mdogo wake kwa Kihehe, kidole kikielekea kwenye bakuli la sukari na kisha kwenye kikombe changu, na hakukishusha mpaka nilipowekewa vijiko vyote alivyotaka.